Mama Alisema Ule ni Mlenda

Jumapili ya pili ya Januari kikoba kilikutana kwangu, Ilazo, Dodoma. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, uwanja mzima unanukia udongo, akina mama 11 tumekaa barazani tukimsubiri mweka hazina amalize kuhesabu noti. Nikachomoa simu kuwaonyesha mimea niliyokuwa nimeagiza. Ilikuwa picha ya kichaka kilichoinamisha vijiti vyake vya kijani kama mtu anayechota maji kisimani, kimejaa maua ya njano tangu chini mpaka juu.

"Waridi la Kijapani," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kutuma hela.

Simu ikazunguka mkono kwa mkono. Ilipomfikia mama, aliyekuwa ameingia kutoka Mvumi siku mbili nyuma, aliisogeza karibu na uso, akaipeleka mbali, akairudisha tena karibu.

"Si mlenda huu?"

Baraza zima likaangua kicheko. Mweka hazina akapoteza hesabu, ikabidi aanze upya. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, nikafuta na machozi kabisa, nikamwambia mama, "Mlenda wa Japani huo, wa shilingi 12,000 mche mmoja."

Mama hakucheka. Alimpa simu aliyekuwa jirani yake, akakaza kanga kiunoni, akaenda jikoni kutazama maharage.

## Maharage

Hayo maharage nayo yana habari yake.

Mama hajawahi kuja kwangu bila mlenda mkavu. Anauleta umefungwa kwenye kipande cha khanga kuukuu, umeshatwangwa, unga wa kijani iliyofifia ambao ukiufungua tu, nyumba nzima inakuwa Mvumi. Asubuhi ya siku ile alishauweka mezani pamoja na karanga alizozisaga mwenyewe. Nikamwambia, "Mama, leo kuna wageni."

Msomaji wa Dodoma sina haja ya kumfafanulia sentensi hiyo.

Akaurudisha unga kwenye fundo lake, akaanza kuchagua maharage.

## Miche sita

Miche ilifika Jumanne, juu ya bodaboda, kwenye viriba vyeusi vilivyolowa. Aliyeniuzia nilimpata kupitia picha anazobandika WhatsApp, na sitamtaja. Biashara ya maua Dodoma imekuwa kubwa tangu watu waanze kujenga kila upande, na sidhani kama yeye ni mbaya kuliko wenzake. Nilishachimba mashimo kando ya ukuta. Ili nichimbe, nililazimika kung'oa majani yaliyoota yenyewe baada ya mvua za Desemba. Katika hayo majani ulikuwemo mlenda. Niliujua. Niliung'oa na kuurundika pamoja na mbigili.

Mama alisimama akinitazama ninavyofukia. Akainama, akashika jani la mche mmoja kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Huu siyo ule wa kwenye simu."

"Ndiyo huohuo, mama. Bado mchanga."

"Ule jani lake linakaa peke yake. Hili lina wenzake, wamepangana huku na huku kwenye kikonyo kimoja."

Nikamwambia miche michanga hubadilika majani inapokua. Sijui nilikitoa wapi kitu hicho. Nilikisema kwa uhakika kabisa.

Mwezi wa tano ikachanua. Maua ya njano, ndiyo, lakini yenye umbo la tarumbeta, yamening'inia vishada vishada. Tekoma. Ule mmea ambao ukitoka nje ya geti langu na kutembea dakika tano unaukuta kwenye nyumba nne, unaota kwenye jua na vumbi bila kumdai mtu maji. Nikampigia muuzaji.

"Dada," akanijibu kwa upole, "si yote ni ya njano?"

Hasira ilinitoka siku ileile, maana tekoma ni mmea mzuri na sikuwa na ubavu wa kuung'oa. Kilichobaki ni kingine. Kila nikipita ukutani nilisikia kicheko changu cha barazani, na wiki zilivyosogea ndivyo kilivyozidi kuwa kirefu.

## Saa sita za usiku

Nikaanza kwa kutafuta ule wa kwenye picha ni mmea gani hasa. Nilitaka, nakiri, kuhakikisha kwamba walau kwenye jambo moja nilikuwa sahihi: kwamba si mlenda.

Jina lake la kitaalamu ni *Kerria japonica*. Wajapani wanauita yamabuki. Ni kichaka cha milima yenye ubaridi ya Japani, China na Korea, kinachopenda kivuli cha miti mikubwa na kingo za vijito. Kinafika mita moja hadi mbili, kinapukutisha majani wakati wa baridi lakini vijiti vyake vinabaki kijani mwaka mzima. Jua likiwa kali, rangi ya maua inapauka. Nikasoma hapo nikatazama dirishani. Dodoma, zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, karibu hakuna mvua toka mwezi wa tano mpaka wa kumi. Hata kama muuzaji angeniletea ule wenyewe, ningekuwa nimenunua marehemu sita.

Ni wa familia ya waridi kweli. Familia hiyo ni pana kuliko nilivyodhani: mapichi na maplamu yanayotoka Lushoto ni wa ukoo huo, matofaa pia, stroberi pia. Na ndani ya jenasi yake, yaani kundi dogo ndani ya familia, kerria hana ndugu. Yuko peke yake.

Haya, nikajisemea, mama alikosea. Nikaendelea kusoma kwa sababu tu usingizi ulikuwa umekataa.

Ndipo nikakutana na orodha ya majina ya zamani ya mmea huu, yale ambayo wataalamu waliutwisha kisha wakayaacha. La kwanza ni la Carl Linnaeus, Mswidi aliyetuachia utaratibu wa kuipa mimea majina mawili mawili. Mwaka 1771 aliuweka kwenye jenasi ya *Rubus*, wa familia hiyohiyo ya waridi. Hakupatia sawasawa, lakini alikuwa mtaa wenyewe.

La pili ni la mwanafunzi wake, Carl Peter Thunberg, na lenyewe ni la mwaka 1784: *Corchorus japonicus*.

Nilirudia kulisoma. Kisha nikaamka, nikakaa kitako kitandani.

*Corchorus* ni mlenda.

## Mswidi na mama yangu

Thunberg hakuwa mtu wa kubahatisha. Aliishi Japani mwaka 1775 na 1776 akiwa daktari wa kampuni ya Waholanzi, wakati ambapo mgeni hakuruhusiwa kuzurura nchini. Wageni walifungiwa kwenye kisiwa kidogo cha Dejima, Nagasaki. Alikuwa na njaa ya mimea kiasi kwamba hata majani yaliyoletwa kulishia mifugo aliyachambua kabla mifugo haijala. Mtu wa namna hiyo aliushika mmea mkononi, akaugeuza, akaandika kwa Kilatini kile ambacho mama yangu alikisema barazani kwa maneno matatu.

Na kosa lenyewe halikufa upesi. Mpaka leo wapo Waingereza wenye bustani wanaouita kerria kwa jina la Kiingereza ambalo kwa haki ni la mlenda, ule ambao Wamisri wanaupika na kuuita mulukhiya. Wameurithi mkanganyiko wa zaidi ya miaka 200, wanaumwagilia maji kila kiangazi.

Nilizitafuta picha za mimea yote miwili nikaziweka sambamba. Jani moja moja, refu, lenye ncha kali, kingo zina meno kama msumeno. Ua la njano, petali tano. La mlenda ni dogo, unaweza kulipita usilione. La kerria linafika upana wa sentimita tatu hadi tano. Mtu anayetazama ua ataona vitu viwili tofauti. Anayetazama jani ataona kitu kimoja.

Nani anatazama jani kwanza? Anayekula jani.

Mlenda unachumwa ukiwa mchanga. Ukisubiri mpaka uchanue vizuri, umeshakuwa mgumu, umeuachia mbegu. Kwa hiyo mama ameutazama mlenda zaidi ya miaka 60 bila kulitia ua maanani, jinsi mimi ninavyowatambua wanangu kwa kikohozi chao usiku. Mimi nililelewa kwenye shamba hilohilo. Nimechuma mlenda nikiwa na kikapu kikubwa kuniliko. Na siku ile picha ilipokuwa mkononi mwangu, sikuwa nimeona jani hata moja. Niliona njano.

## Ua lisilo na mbegu

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo habari iliponigeukia.

Kerria ina sura mbili. Ipo ya asili, yenye petali tano na katikati nyuzi nyingi nyembamba zilizobeba chavua. Na ipo ya bustani, ambayo ua lake ni petali juu ya petali, duara kama pamba iliyofumuka. Wingi huo wa petali haukutoka hewani: zile nyuzi za uzazi zenyewe ndizo zimegeuka petali. Ua limekuwa pambo tupu. Halizai tunda. Kichaka kinasambaa kwa machipukizi ya chini ya ardhi, au kwa mtu kukata kijiti na kukichomeka.

Hii ya pili ndiyo iliyofika Ulaya kwanza. Aliyeipeleka ni William Kerr, mtunza bustani kutoka Scotland, ambaye bustani ya Kew ya London ilimtuma Guangzhou, China, mwaka 1803. Aliishi huko miaka minane akinunua mimea na kuisafirisha kwa meli. Sasa fikiria mtaalamu wa mimea wa siku zile. Kipimo chake cha ukoo wa mmea ni viungo vya ndani ya ua: nyuzi ngapi, zimekaa wapi, kiini cha mbegu kimejengwaje. Anafungua ua hili, anakuta petali. Anafungua zaidi, petali. Ushahidi wote umegeuzwa mapambo. Ile ya petali tano, ikiwa hai, ilichelewa kufika Uingereza mpaka miaka ya 1830.

Aliyelinyoosha jambo ni Augustin Pyramus de Candolle, wa Geneva. Mwaka 1818 aliutoa mmea kwenye mlenda, akaurudisha kwa akina waridi na kuupa jenasi yake: *Kerria*, kwa heshima ya yule mtunza bustani. Kerr hakupata kulisikia jina hilo. Alifariki Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, mwaka 1814.

Lakini Wajapani walikuwa wamelijua hilo la ua lisilozaa karne nyingi kabla ya meli za Kew. Wana hadithi yake.

Inasimuliwa kwamba Ōta Dōkan, yule mkuu wa vita aliyejenga ngome ya Edo mwaka 1457, mji ambao sasa ni Tokyo, alinyeshewa mvua akiwa mawindoni. Akabisha kwenye kibanda cha maskini kuazima mino, koti la mvua la majani makavu. Akatoka msichana. Hakusema neno. Alimpa tawi la yamabuki lililochanua, akarudi ndani. Dōkan akaondoka amelowa na ameudhika. Baadaye mtu akamfumbulia: lipo shairi la kale lisemalo yamabuki huchanua kwa matabaka saba, matabaka nane, lakini halina hata mbegu moja, nalo linasikitisha. Kwa Kijapani neno la mbegu katika mstari huo linatamkwa sawasawa na jina la lile koti. Msichana alikuwa anasema: hatuna koti, hata moja. Aliona haya kulitamka. Wanasema Dōkan alifedheheka kwa kutolijua shairi hilo, akaanza kujifunza ushairi.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilimhesabu msichana kuwa mwenye akili kuliko wote.

Siku ya tatu nikawa nafua, nikamkumbuka tena, na safari hii nikaona mikono yake tu: mikono inayotanguliza ua ili mgeni asitazame ndani.

Niliacha nguo kwenye beseni.

## Nampigia mama

Nilikaa na namba yake wiki nzima. Nilikuwa na hotuba: Uswidi, Japani, 1784, mama huna kosa. Halafu nikawa naona hotuba yenyewe ina ubaya wake. Ni kama mama anahitaji Mzungu aliyekufa zamani aje amtolee ushahidi ndipo mwanawe amsikilize. Na ukweli ni kwamba alikosea. Mlenda hauna undugu na waridi. Ndugu zake ni bamia, pamba na, amini usiamini, mbuyu. Ule utelezi wa bamia na wa mlenda ni wa ukoo. Sikutaka kumfanya mama mtaalamu wa kerria, mmea ambao hajawahi kuugusa. Nilitaka kumwomba radhi, na nilikuwa natafuta njia ndefu ya kuzunguka neno lenyewe.

Jumamosi nikapiga.

"Mbukwenyi, mama."

Akaitikia, tukapita kwenye afya, kuku, mguu wake wa kushoto, msiba wa jirani. Kisha nikamsimulia yote. Mama husikiliza simu kwa kunyamaza kabisa, mpaka unadhani laini imekatika.

"Huo si mlenda," akasema nilipomaliza.

"Ndiyo nakwambia, mama, lakini yule mtaalamu naye..."

"Mwanao Neema aliituma ile picha kwenye simu ya binamu yake. Mwezi wa tatu nikiwa nachuma nikamwambia anionyeshe tena. Hauna masharubu."

Nikamwuliza masharubu gani. Akanishangaa. Chini kabisa ya jani la mlenda, pale linapokutana na kikonyo, meno mawili ya mwisho hurefuka yakawa nyuzi mbili nyembamba, moja kila upande, kama za kambale. "Ulikuwa unayakata kwa meno ukiwa mdogo," akasema. "Wa kwenye simu hauna. Na mlenda lazima uusugue na maji uone kama unavuta. Simu utaisugua?"

Nilikata kona kwenda ukutani huku simu iko sikioni. Mlenda wa masika ulikuwa umekauka zamani, lakini chini ya tekoma ya nne, pale maji ya kufulia yanapomwagikia, kulikuwa na mche mmoja uliochelewa. Nikachuma jani. Zilikuwepo. Nyuzi mbili nyekundunyekundu, nyembamba kuliko uzi wa kushonea, zimejikunja kuelekea nyuma. Miaka yangu 41.

"Mbona hukuniambia toka mwezi wa tatu?"

"Ulikuwa umeshacheka."

Hakulisema kwa ukali. Ingekuwa nafuu kama angelisema kwa ukali.

Nikamwomba radhi. Nililitamka neno lenyewe, moja kwa moja. Akasema "yameisha", kwa sauti ileile anayotumia mtu akimkanyaga kwenye basi. Nikaona nijaze kimya, nikamsimulia habari ya msichana na tawi la maua. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mvua yote hiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Angesema tu hatuna. Amkaribishe ndani, mvua ikate."

Nikasikia anafukuza kuku. Kisha akarudi kwenye jambo ambalo, inaonekana, ndilo lililokuwa limemshika muda wote.

"Huyo Mswidi. Hiyo kazi ya kuangalia majani, alikuwa analipwa?"

"Alilipwa, mama. Baadaye alikuwa profesa."

Kimya kirefu. Nikadhani laini imekatika.

"Haya. Mwambie Neema akifunga shule aje achukue karanga. Mwaka huu zimekubali."